CD ambayo haichezwi Mavivi

Leo sileti habari ya usalama wala ya bei ya kakao, ingawa yote mawili yatapita humu kidogo. Leo ninaleta habari ya CD moja.

Hapa kwetu, kando ya barabara kubwa inayotoka Beni kwenda Oicha, kuna chumba cha mbao na mabati ambacho watoto wote wanakijua. Wanakiita tu « kwa pley ». Mlangoni kuna pazia la kitenge ili jua lisiingie kwenye televizyo. Ndani kuna benchi mbili, jenereta ndogo inapiga kelele nyuma ya ukuta, na kwa miaka mingi kulikuwa PlayStation 2 mbili, za zamani, zimefungwa na utepe mweusi. Mechi moja ya mpira ni franka 200. Anayefungwa anasimama, anayeshinda anabaki. Kazi inaanza watoto wanapotoka masomo na inaisha kabla ya giza, kwa sababu huku kwetu jioni kila mtu anapaswa kuwa kwao.

Kati ya watoto wanaokuja pale, wengi ni wa jamaa zilizohama. Wametoka Eringeti, Mamove, Mayimoya, Kokola na vijiji vingine ambavyo munavisikia katika habari zetu. Wengine wanaishi katika jamaa zilizowapokea, wengine wamekodi chumba kimoja watu wanane. Mtu akipita anaweza kusema wale watoto wanapoteza wakati. Mimi nimekaa nao sana, na ninasema ni mahali pachache ambapo mtoto aliyekimbia na mtoto wa hapa wanakaa benchi moja, wanabishana juu ya penati, na hakuna anayemuuliza mwenzake alitoka wapi.

Mwenye chumba ana katoni ya CD. Karibu zote ni za mpira. Chini kabisa kuna moja yenye picha ya mtu amebeba bunduki kwenye msitu mweusi. Ni Resident Evil 4. Hiyo haichezwi. Aliiweka siku moja tu, zamani. Katika mchezo ule kuna kijiji, na watu wa kijiji wanatoka na mashoka na mapanga kumfukuza mgeni. Watoto wawili walisimama wakatoka nje bila kusema neno. Mmoja hakurudi wiki nzima. Mwenye chumba akaitoa, akaiweka chini ya katoni, na tangu siku hiyo ni mpira peke yake.

Siku moja ya mvua, kijana mmoja wa miaka kama 15 aliishika ile CD akaniuliza: « Yaya, kama haichezwi, sasa inafanya nini hapa? »

Nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimesoma historia ya mchezo ule nilipokuwa ninatayarisha emisyo ya vijana. Nikamwambia: « Hii CD, waliosema maneno ya kwanza juu yake walisema haitafika kamwe kwenye mashine kama hii ya hapa. Na ona, imefika mpaka Mavivi. »

Wakaniomba niwaeleze. Mvua ilikuwa bado inanyesha, nikawaeleza. Na kwa kuwa ile hadithi ilinirudia baadaye katika kazi yangu mwenyewe, kwa njia ambayo haikunipendeza, ninaiandika hapa.

Kuna kampuni ya Japani inaitwa Capcom. Mwaka 1996 ilitoa mchezo wa kwanza wa Resident Evil kwenye PlayStation ya kwanza, ya kampuni Sony. Mchezo ukapendwa sana. Wa pili ukatoka 1998, wa tatu 1999, na wote ulianza kuwapata kwenye mashine ile ile. Watu wengi walinunua PlayStation wakijua kwamba Resident Evil iko pale. Wakaizoea.

Mwaka 2000 Sony ikatoa PlayStation 2. Mwaka uliofuata, kampuni nyingine ya Japani, Nintendo, ikatoa yake inayoitwa GameCube, kijisanduku kidogo chenye mkono wa kubebea. Na Septemba 2001, Capcom ikatangaza jambo lililowashangaza watu: michezo mikubwa ya Resident Evil itakuwa sasa kwa GameCube peke yake. Mtu aliyekaa na PlayStation miaka yote, kama anataka kuendelea na hadithi, anunue mashine nyingine.

Novemba 2002 wakaongeza. Capcom ikaonyesha michezo mitano mipya iliyotengenezwa kwa ajili ya GameCube. Mmoja wao ulikuwa Resident Evil 4. Mingine iliitwa P.N.03, Viewtiful Joe, Dead Phoenix na Killer7.

Tusimame kidogo kwenye ile tarehe. Novemba 2002 mimi nilikuwa mtoto wa sekondari. Sikujua GameCube ni kitu gani. Nilichojua ni kwamba watu walikuwa wanashuka kutoka upande wa Mambasa, wakipita Komanda na msituni, wakifika Eringeti, Oicha na Beni na vifurushi kichwani, kwa sababu ya ile vita iliyoitwa « Effacer le tableau », yaani kufuta ubao. Tulilala watoto kumi na zaidi katika nyumba yetu. Japani walikuwa wanapanga ni nani atacheza na nani hatacheza. Sisi tulikuwa tunapanga nani atalala karibu na mlango. Sisemi hivi kwa kulaumu. Dunia ni kubwa, kila mtu ana shughuli yake. Ninasema tu kwamba katika hesabu ile, mtoto wa Mavivi hakuwemo. Na bado CD ilimfikia.

Ilikuwaje?

Mtu anayeweka vyote kwenye mashine moja anafanya hesabu ya namna hii. Kwanza, ukitengeneza mchezo kwa mashine moja, unaijua vizuri, unaifinya mpaka inatoa nguvu yake yote. Hauhitaji kurudia kazi mara mbili au tatu. GameCube ilisifiwa na watengenezaji kuwa nyepesi kufanyia kazi, na PlayStation 2 ilijulikana kuwa ngumu. Pili, mwenye mashine anafurahi. Anakutangaza, anakusaidia, anakuweka mbele. Tatu, unategemea kwamba wapenzi wako wanakupenda wewe kuliko wanavyopenda mashine yao, kwa hiyo watakufuata popote utakapokwenda.

Hesabu ya kwanza ilikuwa kweli. Resident Evil 4 ulitoka Januari 2005 kwenye GameCube, na mpaka leo kuna watu wanaouhesabu kati ya michezo mizuri kabisa iliyowahi kutengenezwa. Namna kamera inavyokaa nyuma ya bega la mchezaji iliigwa na wengine wengi baadaye.

Hesabu ya tatu ndiyo ilianguka. Watu hawakufuata. GameCube, katika maisha yake yote, iliuzwa karibu milioni 22 katika dunia nzima. PlayStation 2 ilipita milioni 155. Maana yake, kwa kila nyumba moja yenye GameCube, kulikuwa nyumba saba zenye PlayStation 2. Capcom ilikuwa imejenga duka zuri kwenye barabara ambayo watu hawapiti.

Wakaanza kurudi nyuma polepole. Tayari Januari 2003 kampuni ilieleza kwamba kati ya ile mitano, ule wa kubaki kwa GameCube peke yake ni Resident Evil 4. Dead Phoenix haukutoka kabisa. Viewtiful Joe ukaingia PlayStation 2 mwaka 2004. Killer7 ukatoka kwa mashine zote mbili 2005. Ukabaki Resident Evil 4. Mkubwa wa ule mchezo, bwana Shinji Mikami, alikuwa amesimama imara kwamba hautatoka GameCube. Alitoa hata ahadi ya mzaha juu ya kichwa chake mwenyewe kama utatoka. Sitairudia hapa kama alivyoisema. Kule ni mzaha. Huku kwetu hatufanyi mzaha juu ya kichwa cha mtu.

Lakini mwisho wa 2004, hata kabla mchezo haujafika madukani, Capcom ikatangaza kwamba utakwenda pia PlayStation 2. Na mwaka huo huo wa 2005, kabla ya Noeli, ukawa umefika. Kwa hesabu za kampuni yenyewe, uliuzwa takriban milioni 1.6 kwa GameCube, na zaidi ya milioni 2 kwa PlayStation 2, ambako ulifika nyuma na picha zake zilikuwa zimepungua uzuri kidogo. Hao waliosubiri mlangoni ndio walikuwa wengi.

Kijana wa miaka 15 alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: « Kumbe walifunga mlango wakabaki wenyewe ndani. »

Nikasema ndiyo. Nikaona nimeeleza vizuri. Sikujua kwamba siku si nyingi ningeyakumbuka maneno yale kwa aibu.

Kabla ya kufika kwangu, nipite kwa mwenye chumba, maana naye alikuwa anasikiliza siku ile na hakuyafuata niliyosema.

Bei ya kakao ilipopanda sana 2024, watu wa hapa wenye mashamba ambayo yanafikika waliona pesa kidogo. Ninasema yanafikika, kwa sababu munajua wenyewe: kuna mashamba ambayo kakao inaiva, inaanguka, inaoza, na mwenyewe yuko Mavivi anaogopa kwenda. Huyu alikuwa na shamba karibu. Aliuza kakao, akauza na PlayStation 2 zake zote mbili, akaenda Butembo, akarudi na PlayStation 4 moja. Akabandika karatasi mlangoni. Mechi moja sasa franka 500.

Wiki ya kwanza chumba kilijaa mpaka nje. Watu walikuja kuangalia nyasi za uwanja namna zinavyoonekana, jasho kwenye uso wa wachezaji. Wiki ya tatu, waliobaki ndani walikuwa motari na vijana wenye kazi ndogo. Watoto wa jamaa zilizohama walikuwa wamekaa nje ya pazia, wanasikiliza sauti ya watangazaji. Nilipita nikamwona yule kijana wangu wa miaka 15 amechuchumaa pale, anainua pazia kwa kidole. Sikusema kitu. Mwenye chumba aliniona ninaangalia, akasema: « Mukubwa, mashine inakunywa umeme, petroli ni bei, nitafanya nini? » Ni kweli. Naye ana watoto.

Wala si michezo peke yake. Wenye kuonyesha mpira huku kwetu na kwa majirani wanakumbuka GTV. Ilikuwa kampuni ya televizyo iliyoanza 2007 katika nchi nyingi za Afrika, Uganda, Kenya na Tanzania zikiwemo. Ilinunua haki ya kuonyesha sehemu kubwa ya mechi za ligi ya Uingereza, ili mtu akitaka mechi zile anunue dikoda yake. Watu wakanunua. Wenye vibanda vya mpira wakatupa zile za zamani, wakaweka za GTV. Mwisho wa Januari 2009 kampuni ikafunga. Siku moja kuna mpira, siku ya pili kioo cheusi. Haki zile zilikuwa za bei kubwa kuliko watu waliokubali kulipa. Aliyeumia zaidi ni yule mwenye kibanda aliyebaki na dikoda isiyoonyesha kitu, katikati ya msimu, na wateja wanamuuliza kama anawachezea.

Sasa nifike kwangu.

Wakati fulani, shirika moja ambalo sitalitaja lilikuja kwetu radio na pendekezo. Walitaka emisyo ya kila wiki kwa ajili ya jamaa zilizohama: habari za kuandikishwa, siku za kugawa msaada, mahali pa chanjo, barabara gani watu wasipite, pamoja na maigizo mafupi ya kuleta amani kati ya wenyeji na waliokuja. Wangetupa pesa ya mafuta ya pikipiki, mashine mbili za kurekodia, na betri za sola. Sharti lao lilikuwa moja: kwa miezi sita emisyo isikike kwa radio yetu peke yake. Radio nyingine zisipewe sauti wala karatasi.

Sitaficha. Nilifurahi. Nilikuwa ninafanya kazi na simu yenye kioo kilichopasuka, ninalipa unite mwenyewe. Radio zetu ndogo munazijua: leo zinasema, kesho betri imekufa. Nilijiambia kwamba kazi yetu itakuwa nzuri kuliko zamani, na ilikuwa hivyo. Nilijiambia pia kwamba watu wakijua habari zao ziko kwetu, watatafuta radio yetu. Ni mimi niliyemshawishi mkurugenzi. Alikuwa na wasiwasi, akaniuliza: « Na wale wasiotushika vizuri? » Nikajibu: « Watatutafuta. »

Munaona? Ile ile hesabu ya tatu. Nilikuwa nimecheka Capcom mbele ya watoto, na mimi nikaenda kufanya hesabu yao.

Emisyo ilikwenda vizuri. Watu walipiga simu. Maigizo yalipendwa mpaka watoto wakaiga sauti barabarani. Mwezi wa tatu, tulitangaza siku mbili za kuhakikisha majina kwenye liste. Asiyefika, jina lake linasubiri zamu nyingine. Tulitangaza mara nne, kwa Kiswahili na kwa Kinande. Nikaona kazi imeisha.

Wiki iliyofuata mama mmoja alikuja kunitafuta. Alikuwa na watoto watatu na mjukuu, anaishi katika jamaa iliyompokea, upande wa mashambani. Jina lake halikuhakikishwa. Hakuja kwa kelele. Alikaa kwenye kiti, akatoa radio yake ndogo ndani ya kitenge, akaiweka mezani.

« Mwanangu, » akasema, « wananiambia mulisema kwenye radio. Mimi ninasikiliza radio kila siku. Radio hii niliibeba siku tulipokimbia. Sufuria niliiacha, radio nikaibeba. Mbona haikuniambia? »

Nikaichukua. Kile kifungo cha kutafutia radio kilikuwa kimevunjika zamani. Kimefungwa na uzi, kikabaki kwenye radio moja, na haikuwa yetu. Kwa miaka mama yule alikuwa anasikiliza radio ile moja, kwa sababu mashine yake haikuweza kwenda kwingine. Nilikuwa nimemwambia mkurugenzi kwamba watu watatutafuta. Huyu alikuwa hana hata kifungo cha kututafutia.

Tulikwenda pamoja kuona wenye liste. Wakasema wanaelewa, lakini zamu imefungwa. Alisubiri mpaka nyingine. Katika ule muda alikuwa analima kwenye shamba la watu ili wapate bugali na sombe. Nilimwona mara mbili barabarani na jembe begani. Alinisalimia vizuri mara zote mbili. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenikasirikia.

Baada yake nilianza kuuliza. Kila nilipokwenda kufanya habari, nilikuwa ninauliza: munasikiliza radio gani, na kwa nini? Wengine wananijibu kwamba wako nyuma ya kilima, sauti yetu inafika kama mtu anaongea ndani ya ndoo. Wengine hawana radio, wanasikia ya jirani, na jirani ndiye anayechagua. Wengine wananunua mawe ya radio mara moja kwa mwezi, kwa hiyo wanafungua saa ya habari tu, halafu wanazima ili mawe yasiishe. Wengine wanasikilizia kwenye simu, na simu ikikosa moto, basi. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba hakutufuata kwa sababu hatupendi. Kila mtu yuko mahali alipo kwa sababu ya kile alicho nacho mkononi.

Ndipo nilielewa vizuri zile milioni 155. Sikuwa nimezielewa nilipozisoma. Nilifikiri ni watu waliochagua. Kumbe wengi wao ni watu ambao tayari wana mashine moja nyumbani na hawana pesa ya pili.

Tulirudi kwa lile shirika na mkurugenzi. Sitasema walikuwa watu wabaya. Walikuwa na sababu yao: walitaka kupima kazi yao, wajue nani amesikia nini na wapi, na radio moja ni rahisi kupima kuliko radio tano. Pia waliogopa habari ibadilishwe ikipita midomo mingi, na huku kwetu woga huo si wa bure. Wakati wa Ebola, ugonjwa uliotangazwa hapa kwetu Agosti 2018, tuliona uvumi ulivyoua watu. Lakini wakati ule ule tuliona pia kwamba ujumbe ulifika vizuri uliposemwa na radio nyingi, kwa lugha nyingi, na watu wanaojulikana katika mtaa wao. Nikawakumbusha pia Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002: ni radio kubwa, na bado habari zake ziliwahi kupitishwa na radio ndogo za mahali, na hilo halikuipunguzia jina. Lilimwongezea mtu wa kijijini habari.

Tulizungumza siku mbili. Mwisho tukagawa kazi. Maigizo yabaki kwetu peke yetu kwa ile miezi iliyosalia, kwa sababu ni kazi ya mikono yetu, na asiyesikia igizo leo hapotezi chakula cha watoto. Lakini tangazo lolote la liste, la msaada, la chanjo au la barabara yenye hatari litolewe kwa radio zote saa ile ile, kwenye karatasi moja yenye muhuri, na lisomwe makanisani na misikitini, na motari wapewe kwenye kadi ya simu ili wawasikilizishe watu pale wanaposimama. Hatukupata yote tuliyotaka. Walipunguza pesa ya mafuta. Mkurugenzi alikubali, na hakunikumbusha yale maneno yangu ya « watatutafuta ». Ninamshukuru.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Sisemi kwamba kufunga kitu kwa mlango mmoja ni kosa kila mara. Mchezo ni mali ya aliyeutengeneza. Akitaka kuuweka kwenye mashine moja, ni pesa yake anayochezea, na pengine atapata kazi nzuri zaidi. Hata hawa wakubwa wanaendelea kujaribu: Square Enix ya Japani ilitoa Final Fantasy XVI kwa PlayStation 5 peke yake 2023, na Mei 2024 ikatangaza kwamba sasa inataka michezo yake ifike kwenye mashine nyingi. Na Capcom yenyewe, ilipotengeneza upya Resident Evil 4 mwaka 2023, iliutoa kwa mashine kadhaa siku moja. Walijifunza kwa kupoteza pesa.

Lakini kuna vitu ambavyo mtu hana haki ya kuvifunga, hata kama amevitengeneza kwa mikono yake. Habari kwamba barabara fulani ina hatari si mali ya radio. Siku ambayo mama anapaswa kupeleka jina lake si mali ya radio. Mimi mwandishi nikizifunga ili radio yangu isikilizwe, hasara haiko kwangu. Iko kwa mtu ambaye hakukaa katika ile mkutano, na ambaye hakujua hata kwamba kulikuwa mkutano.

Nimalize kwa kile chumba. Mwenyewe alikaa na PlayStation 4 yake miezi minne. Siku moja nilipita nikasikia kelele za zamani, zile za watoto wengi kwa pamoja. Alikuwa amepata PlayStation 2 moja Beni, imetumika sana, kifuniko hakifungi vizuri, ameweka jiwe dogo juu. Ile mpya iko upande wa kulia, franka 500. Ile ya zamani iko upande wa kushoto, franka 200. Aliniambia kwamba upande wa kushoto ndio unalipa petroli.

Yule kijana wa miaka 15 alikuwa kwenye benchi ya kushoto, maneti mkononi, anafungwa mabao mawili. Katoni ya CD ilikuwa chini ya miguu yake. Sikuuliza kama ile CD bado iko. Ninajua iko, na ninajua haitachezwa.

Sasa ombi langu kwenu. Ninyi ambao munasoma hapa kwenye simu, waulizeni wazazi na majirani wasiosoma: radio yao inashika wapi? Kifungo bado kinazunguka? Mawe yanadumu siku ngapi? Mutuandikie au mupite kwetu radio, au mumwambie motari yeyote anayelala Mavivi, atatufikishia. Tunatengeneza orodha, mtaa kwa mtaa, ili tujue tangazo lipite wapi limfikie nani. Na yule mama mwenye radio ya uzi, kama mtu anamsomea maneno haya: fundi wetu alisema kifungo kile kinaweza kutengenezwa. Mama, ulete radio siku yoyote. Hatutaiweka kwetu. Tutaifanya izunguke tu.